Wazee Wetu Hawakuvaa Magunia

Ukitoka Kasulu mjini asubuhi na mapema kwenda Titye, vaa sweta. Nyanda hizi za juu za Kigoma hazina joto la Ujiji, na bodaboda ikishika mteremko upepo unapenya mpaka kwenye mifupa. Ikifika saa tano jua limekwisha kuwa kali, sweta umelifunga kiunoni, na vumbi jekundu limekupaka nyusi. Pande zote ni vilima vya nyasi, migomba mabondeni, mashamba ya maharage na muhogo, na nyumba za matofali ya kuchoma. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kibondo, kwa hiyo nchi hii si ngeni kwangu. Hata hivyo, kila nifikapo Titye hujikuta nimesimama kidogo kutazama.

Nimekwenda huko mara nyingi kwa kazi ya chanjo na kliniki ya watoto. Lakini safari ninazotaka kuwasimulia, akina mama wenzangu, zilikuwa za kazi nyingine kabisa. Zilikuwa za kutengeneza nguo na viatu vya kale.

Kanisa lilikuwa likijiandaa kwa sherehe ya kuwakumbuka wainjilisti waliopanda milima hii kwa miguu katika miaka ya 1930. Kwaya ilitunga igizo, nami kwa kuwa hujitolea katika idara ya akina mama nikapewa kusimamia mavazi, yale ambayo walimu wa michezo huyaita maleba. Nilifanya kama ilivyo desturi yetu. Niliomba magunia kwa mwenye duka la mazao, nikayakata matundu ya kichwa na mikono, nikachora madoa meusi kwa mkaa ili yafanane na ngozi ya chui. Hivyo ndivyo tulivyovaa shuleni tulipoigiza watu wa kale, na nina hakika hata wewe msomaji umewahi kuvaa au kuvalisha mtoto hivyo.

Siku ya mazoezi, bibi mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 90 aliletwa na mjukuu wake aje atazame. Aliketi kwenye mkeka. Vijana walipoingia na magunia yao, wakirukaruka na kupiga kelele, watu wakacheka. Bibi hakucheka. Aliniita nikachuchumaa mbele yake.

"Nesi, hawa ni nani?"

Nikamwambia, "Hawa ni wazee wetu, Bibi, kabla Injili haijafika."

Akanitazama kitambo. "Mimi nilimwona baba yangu na mama yangu. Hawakuvaa gunia. Gunia ni la maharage."

Nilicheka kwa aibu, nikasema tutarekebisha. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi, kwa sababu lile neno lilinifukulia jambo la zamani.

Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, nyanya yangu mzaa mama alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na kipande cha nguo ya rangi ya udongo uliochomwa, kizito, laini kama ngozi ya mbuzi iliyopakwa samli. Siku moja alinionyesha, akaniambia ni impuzu, imetengenezwa kwa gome la mti na mikono ya babu yake. Nami mtoto wa shule nikaziba pua. Nikamwambia, "Nyanya, hii ni nguo ya washenzi." Neno hilo nililisikia kwa wakubwa, wala sikujua uzito wake. Nyanya aliikunja, akairudisha. Mwaka uliofuata mtu aliyekuwa akiheshimiwa pale kijijini alimshauri aichome moto, naye akaichoma. Sikumbuki kama nilisikitika. Nadhani nilifurahi.

Basi nilirudi kwa yule bibi wa Titye siku ya pili, na safari hii nikiwa na daftari.

Wakati huo huo alikuwapo mgeni kutoka Uingereza, mama wa makamo kama mimi, mfamasia aliyekuja kujitolea kwa miezi michache. Tulikuwa tumezoeana. Siku moja alinifungulia begi lake akanionyesha jozi ya viatu vya ajabu, vipana mbele kama mdomo wa bata, visivyo na kisigino. Alivishona mwenyewe. Akanieleza kwamba kwao wapo watu wengi ambao hobi yao ni kutengeneza upya nguo za karne ya 16, enzi ile ambayo wanahistoria huiita Renesansi, yaani Mwamko wa Ulaya. Si kwa ajili ya kuuza, bali ni kama sisi tunavyofuma vitambaa vya meza. Wapo wanaoshona kwa mkono kila mshono, kwa uzi wa kitani, kwa sababu cherehani haikuwapo.

Nilimuuliza wanajuaje watu wa zamani walivaa nini. Akasema wanatazama picha zilizochorwa, wanasoma vitabu vya mishono, kama kile cha Janet Arnold cha mwaka 1985 ambaye alipima nguo halisi zilizohifadhiwa toka mwaka 1560 hivi mpaka 1620, tena wanayo merikebu. Hapo nikadhani sikusikia vizuri. Kumbe ni kweli. Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry VIII, ilizama karibu na Portsmouth mwaka 1545, ikainuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Matope yalikuwa yamehifadhi mamia ya viatu vya mabaharia. Viatu vya mgeni wangu vilifuata mfano wa vile. Vyake alivishona ndani-nje, kisha ngozi ikiwa ingali na unyevu akavigeuza kama soksi, mshono ukabaki ndani usiguswe na maji.

"Na ninyi," akaniuliza, "mwaka 1545 mlivaa nini hapa?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma Henry VIII na wake zake sita, nikafanya na mtihani. Lakini mama wa Buha wa mwaka ule ule, aliyefunga mtoto mgongoni na kupanda kilima hiki, sikuwa nimewahi hata kumvika nguo akilini mwangu. Nilikuwa nimemvika gunia.

Tulilipeleka swali hilo Titye. Pale yupo mzee mmoja fundi wa viatu, anayekaa chini ya mwembe na makatambuga yake ya matairi. Alisikiliza, akafikiri, kisha akajibu kwa namna ambayo mgeni aliisifu mpaka siku ya kuondoka. Alisema: "Anzeni na bibi huyu alivyowaona wazazi wake. Kisha toeni kitu kimoja kimoja kilicholetwa. Toeni kanzu. Toeni kaniki. Toeni merikani. Kitakachobaki ndicho."

Ni hesabu nzuri. Merikani, ile nguo nyeupe ya pamba isiyo na urembo, ilipata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, ikasambaa na misafara ya karne ya 19. Kaniki ilipita njia hizo hizo za biashara. Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 alikuta bado watu wa huko wakivaa ngozi na nguo za gome, naye aliziandika kwa jina la mbugu. Ukitoa vya misafara, basi, vinabaki viwili: ngozi iliyolainishwa na gome lililopigwa. Na lugha inashuhudia. Kwa Kirundi, ambacho ni ndugu wa damu wa Kiha, impuzu ni nguo yoyote, hata suruali ya mtumba. Kwa Kinyarwanda neno hilo hilo ni nguo ya gome. Kwa maneno mengine, gome ndilo lililoipa nguo jina.

Mti wenyewe ni wa jamii ya mtini. Waganda huuita mutuba, majirani zetu wa Burundi huuita umuvumu. (Nilipogundua kwamba ni ndugu wa mtini wa kwenye Biblia nilicheka peke yangu. Adamu na Hawa walijishonea majani yake. Wazee wetu walisogea mpaka kwenye gome, ambalo linafunika vizuri zaidi.) Bibi alijua ulipo mmoja, katika mpaka wa shamba la maharage. Mwenye shamba alikubali kwa malipo ya debe moja.

Lakini hapo ndipo palipozuka ubishi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa sala kweli kweli, alikuja akiwa amekasirika. Alisema miti hiyo ilikuwa ya matambiko, na kwamba wazee wake waliyaacha mambo hayo kwa toba na machozi. "Leo ninyi akina mama mnayarudisha kwa vigelegele?" Sikumdharau. Ni kweli kwamba zamani mitini mikubwa ya sehemu fulani ilikuwa mahali pa mizimu, na yeye alikuwa na kumbukumbu ambazo mimi sina. Nusu ya akina mama wakaingiwa na hofu. Mama mchungaji akasema afadhali tuvae vitenge tu, igizo liishe salama.

Mchungaji alituita wote, akamwuliza bibi kwanza. Bibi akasema kwa Kiha, nasi tukatafsiriana: "Mama yangu alitubu dhambi zake. Hakutubu nguo. Baridi ilikuwapo kabla ya toba na baada ya toba." Akaongeza kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili, nguo za dukani zilipoadimika, baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kubatizwa, alitoa nyundo yake darini akawapigia watoto impuzu, na Jumapili walikwenda nazo ibadani.

Mchungaji alikata shauri hivi: mti wa mpakani, sawa, mti wowote uliokuwa wa matambiko, usiguswe. Mzee wa kanisa aliondoka bila kusema neno.

Tulingoja mvua za Machi, kwa kuwa gome hutoka vizuri mti ukiwa na maji mengi. Kwanza fundi alikwangua ganda la nje, lile gumu la kijivu. Akakata pete juu, akakata pete chini, akapasua mstari mmoja wima, kisha akaingiza kabari ya shina la mgomba taratibu mpaka gome lote likavuka kama mtu anayevua koti. Mti ulibaki mweupe, umelowa. Mimi kama muuguzi nilishtuka kuuona. Lakini papo hapo waliufunga majani ya mgomba kuuzunguka wote, wakakaza kwa kamba, na bibi akasema usifunguliwe mpaka upate ngozi mpya. Kule Uganda, ambako kazi hii haijafa, mti mmoja huvunwa mwaka hadi mwaka. UNESCO iliitambua kazi hiyo ya Waganda mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake rasmi.

Kisha kupiga. Gome huchemshwa lilegee, hulazwa juu ya gogo lililosawazishwa, na kupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji: kwanza yenye mifereji mipana, halafu myembamba, halafu myembamba zaidi. Kila pigo linalitanua. Lilipotoka mtini lilikuwa na upana wa taulo. Baada ya siku tatu lilikuwa pana kuliko kanga. Mabega yetu yaliuma. Kipande cha kwanza tulikiharibu kwa haraka yetu, maana tulikitoa juani kabla hakijaiva kwa kupigwa, kikakauka na kuchanika kama chapati. Bibi alitugombeza vikali. Kazi hiyo hufanywa kivulini, na jua ni la mwisho. Kipande cha pili kilipoanikwa ndipo nilipoona ile rangi, udongo uliochomwa, ikitokea polepole mbele ya macho yangu kama mtu anayerudi kutoka mbali. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikajipangusa macho. Sikumweleza mtu.

Sasa niseme habari ya viatu, maana hapo ndipo kazi yangu na mchezo wetu vilipokutana. Katika igizo watoto walipangiwa kucheza pekupeku, ili waonekane wa kale. Mimi nilikataa. Oktoba ile ile nilikuwa nimetibu miguu ya watoto waliojaa funza mpaka hawawezi kukanyaga, na kwa mara nyingine nilikuta mama akitumia pini moja kuwatoboa watoto wote watano. (Jamani, pini moja kwa nyumba nzima hupitisha maradhi ya damu. Mleteni mtoto zahanati.)

Fundi wa viatu akasema, "Babu yangu alisimulia kwamba babu zake hawakuwajua funza." Nilidhani ni maneno ya wazee, lakini nilipofuatilia nikakuta ni historia kamili. Funza ni mdudu wa Amerika ya Kusini. Meli iliyotoka Brazil ilimleta Ambriz, Angola, mwaka 1872, akafuata misafara na wapagazi kuvuka bara zima, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amefika mwambao wa Mashariki. Basi yule mama wa mwaka 1545 angeweza kutembea pekupeku kilimani Titye na nyayo zake zikabaki safi. Watoto wetu wa leo hawawezi. Kumwiga mtu wa kale kwa kuvua viatu ni kumwiga nusu.

Isitoshe, kwa safari ndefu wazee hawakwenda pekupeku. Fundi alisema waliokwenda Uvinza kutafuta chumvi walivaa ndara za ngozi ya ng'ombe kwa ajili ya miiba. Alitutengenezea jozi kumi na mbili. Ngozi ililowekwa, ikawambwa kwa vigingi, ikakwanguliwa. Akaweka mguu wa kila mtoto juu yake, akachora kwa mkaa, akakata tabaka mbili na kuzishona pamoja, gidamu ikapita kati ya kidole gumba na cha pili. Mgeni wetu alikaa naye siku nzima chini ya mwembe. Hawakuwa na lugha moja. Lakini fundi alipotoa donge la nta ya nyuki na kuanza kuuburuta uzi juu yake, mgeni aliruka, akafungua begi lake, akatoa donge la nta. Huko kwao nao uzi wa kiatu hupakwa nta, usioze na ukaze tundu. Fundi akakichukua kile kiatu cha mdomo wa bata, akakipapasa mshono kwa ndani, akautazama msharasi wake mwenyewe, akasema, "Huyu aliyebuni hiki alikuwa fundi." Nilimweleza kwamba amekufa yapata miaka 480 iliyopita. Akajibu, "Mwambie mgeni apunguze kukaza hapa kisiginoni."

Siku ya sherehe ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Hakukuwa na gunia hata moja. Wengine walivaa merikani na kaniki, mmoja kanzu kuukuu, wawili ngozi za mbuzi zilizopakwa samli, na msichana mmoja, kitukuu cha bibi, aliivaa impuzu. Bibi mwenyewe ndiye aliyemfunga, fundo begani. Vijana hawakurukaruka. Hakuna aliyewaambia wasiruke. Nadhani nguo ile ilikuwa nzito mno kwa upuuzi. Mgeni naye alivaa gauni lake la sufu la karne ya 16 na viatu vyake, akatoka jasho mpaka nikamwekea kiti kivulini, na watoto wakamfuata kila alipokwenda. Yeye na yule msichana walipigwa picha wakiwa wamesimama bega kwa bega. Ninayo ukutani.

Mzee wa kanisa alikuja. Aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Watu walipotoka nilimwona amesimama mbele ya yule msichana, amekishika kipindo cha impuzu kati ya vidole viwili, anakisugua. Aliuliza gogo la kupigia tulilipata wapi. Nikamwambia. Akasema la baba yake lilikuwa refu zaidi, akaenda zake.

Tulikubaliana impuzu itunzwe katika kabati la akina mama pamoja na vitambaa vya madhabahu. Mwezi Juni nilirudi Titye kwa chanjo. Baridi ilikuwa kali, ukungu haukuondoka mpaka saa nne. Nilipita kwanza mpakani mwa shamba kuuona mti. Majani ya mgomba yalikwisha kunyauka, na chini yake gome jipya lilikuwa limeshika, jembamba bado, rangi ya maziwa na chai. Kisha nikaomba ufunguo wa kabati ili niikague nguo isije ikaliwa na mende. Haikuwamo. Mama mchungaji akaangalia chini, akaniambia niende kwa bibi.

Nilimkuta amelala saa hiyo ya asubuhi, na impuzu amejifunika mpaka kidevuni, juu ya blanketi.

"Shikamoo, Bibi. Hii si ya kanisa?"

"Marahaba, mwanangu. Ni ya kanisa," akasema, akajigeuzia ukutani. "Njoo uichukue jua likiwaka."